Mashine ya kukagua programu nayo hudanganywa: tuliyojifunza Obunga



Jumamosi moja tulikuwa Obunga, hapa Kisumu, kwa kikao cha mafunzo kwa wateja. Tuliweka viti vya plastiki kando ya njia, karibu na masufuria makubwa ya mafuta ambako akina mama hukaanga mgongo wazi. Kama hujui mgongo wazi, basi hujakaa Kisumu. Ni ule mfupa wa mbuta pamoja na kichwa chake, unaobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kuuza nje ya nchi. Minofu hupanda ndege. Mfupa huja Obunga, unakaangwa, unauzwa, na unalipa karo.

Tulikuwa tumejiandaa kuongea mambo tuliyozoea: usimpe mtu PIN yako, soma jina kabla ya kutuma, na kadhalika. Mama mmoja akainua mkono kabla hatujafika mbali. Ni mweka hazina wa chama cha wanawake 12, na pesa za chama hukaa kwenye simu yake.

"Mimi niko na swali moja tu," akasema. "Nyinyi mlituambia mna mashine inakagua kila kitu. Na simu yangu pia ilikagua ile apu, ikaweka alama ya kijani. Sasa pesa ya chama ilitoka aje?"

Watu wakanyamaza. Kijana wake, aliyekuwa amesimama nyuma, akaangalia chini.

Swali lile hatukulijibu vizuri siku hiyo. Tulimwambia tutarudi na jibu kamili, na tukarudi. Makala hii ndiyo lile jibu, tumeliandika ili na wewe ulipate. Ni refu kidogo kuliko makala zetu za kawaida, lakini vumilia, kwa sababu linahusu pesa yako.

Kilichotokea

Kijana alipata linki kwenye kundi la WhatsApp. Iliahidi apu ya kuongeza limiti ya mkopo. Mama alikuwa anataka kununua mzigo mkubwa zaidi wa mifupa, kwa hivyo kijana akaona amsaidie. Akapakua, akaweka kwenye simu ya mama. Simu ikaikagua kwa sekunde chache na kusema haina shida. Apu ikaomba ruhusa mbili: kusoma meseji, na ile ruhusa ya Ufikivu, ambayo iliwekwa kwenye simu kuwasaidia watu wasioona vizuri kwa kuisoma skrini. Akabonyeza "ruhusu" zote mbili. Kisha ukatokea ukurasa uliofanana kabisa na wetu, ukisema, "Weka PIN kuthibitisha limiti yako mpya." Mama akaweka.

Usiku wa pili, kwenye Sh 23,600 za chama, zikatoka Sh 5,000, halafu baada ya dakika chache Sh 4,800. Mama aliona meseji ya pili akiwa bado macho, akatupigia, akaunti ikafungwa. Zile Sh 4,800 tulizipata bado hazijatolewa kwenye akaunti ya pili, zikarudi. Zile Sh 5,000 zilikuwa zimeshaenda. Kesho yake alilazimika kusimama mbele ya wanawake 11 na kueleza.

Wahandisi wetu waliichukua ile apu wakaipitisha kwenye vikaguzi vitatu tofauti. Viwili vilisema ni salama. Cha tatu kilisema ni ya wizi. Walipoifungua ndani wakakuta jambo la kushangaza: sehemu kubwa ya apu ile haikuwa ya wizi hata kidogo. Kulikuwa na programu nzima ya kikokotoo, nyingine ya tochi na nyingine ya kalenda, na zote hazikuwa zikifanya kazi yoyote. Zimejazwa tu. Ule wizi wenyewe ulikuwa sehemu ndogo iliyofichwa katikati, kama jiwe kwenye gunia la mchele.

Kwa nini mwizi ajisumbue kubeba tochi na kalenda? Kwa sababu hakuwa anamdanganya mama peke yake. Alikuwa anaidanganya mashine kwanza.

Kazi mbili za mashine

Hebu tutenganishe mambo mawili, maana mara nyingi yanachanganywa.

Kazi ya kwanza ni kutafuta programu mbaya, kama hiyo ya linki. Hii ni kazi ya kumtambua mwizi mlangoni.

Kazi ya pili ni kutafuta udhaifu kwenye programu nzuri, kwa mfano programu yetu sisi. Hapa hakuna mwizi bado. Tunatafuta ufa kwenye ukuta kabla mwizi hajauona. Ufa ni kosa dogo la aliyeandika programu, ambalo mtu mbaya anaweza kulitumia.

Mfano rahisi. Tuseme programu ya kutuma pesa imeandikwa hivi: chukua kiasi alichoandika mteja, angalia kama ni kidogo kuliko salio, kisha ukiondoe kwenye salio. Inaonekana sawa, siyo? Sasa mtu aandike kutoa shilingi 500. Hiyo "kutoa 500", yaani namba iliyo chini ya sifuri, ni ndogo kuliko salio lolote, kwa hivyo programu inakubali. Halafu inaondoa "kutoa 500" kwenye salio, na kwa hesabu za darasa la saba, ukiondoa hasi unaongeza. Salio linapanda. Kosa ni kwamba mwandishi alisahau mstari mmoja tu: hakikisha kiasi ni zaidi ya sifuri.

Nyufa za namna hii zinapatikana hata kwenye programu zinazotumiwa na dunia nzima. Desemba 2021 uligunduliwa ufa mkubwa kwenye Log4j, kifaa kidogo cha kuandika kumbukumbu ambacho kilikuwa ndani ya mifumo mingi sana ya benki, serikali na kampuni. Wahandisi dunia nzima walikesha wakiziba.

Programu ya malipo ina maelfu kwa maelfu ya mistari, na inabadilishwa kila wiki. Binadamu hawezi kuisoma yote kwa makini kila mara. Ndiyo maana watu wakaanza kutengeneza mashine za kusoma. Kwanza zilikuwa za kufuata kanuni zilizoandikwa na wataalamu. Baadaye zikaja mashine zinazojifunza zenyewe. Mwaka 2018 watafiti walitoa moja iliyoitwa VulDeePecker. Mwaka 2019 ikaja Devign, iliyofunzwa kwa kodi ya miradi halisi ya wazi kama FFmpeg na QEMU. Mwaka 2020 Microsoft wakatoa CodeBERT, mashine iliyosoma kodi nyingi mno, ambayo unaweza kuifundisha kazi mbalimbali, ikiwemo hii ya kutafuta nyufa.

Mashine hujifunza kama mtoto wa sokoni

Hapo Obunga tulimuuliza mama: "Mama, unajuaje samaki huyu amekaa?"

Akacheka. "Naangalia jicho. Kama limeingia ndani, hiyo imekaa. Nafungua shavu. Kama si nyekundu, naacha. Nabonyeza. Kama kidole kinabaki shimo, naacha. Halafu nanusa."

"Na ulifundishwa na nani?"

"Hakuna mtu alinifundisha. Nilikuwa naenda na mama yangu."

Mashine inayojifunza hufanya vivyo hivyo. Haielezwi sheria. Inaonyeshwa mifano: hii kodi ina ufa, hii haina, hii inao, hii haina, mara maelfu. Polepole inaanza kuona dalili zinazofuatana na nyufa. Mwishowe unaipa kodi mpya, nayo inakisia.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mama anajua kwa nini samaki huoza. Anajua jua, anajua barafu, anajua safari kutoka ufukweni. Mashine haijui sababu. Inajua dalili tu. Na si lazima dalili ilizozishika ziwe zile unazodhani. Tuseme mifano mingi ya kodi zenye nyufa iliandikwa na watu wanaopenda kuita kitu kwa jina fulani. Mashine inaweza kushika lile jina kama dalili, ingawa jina halina uhusiano wowote na ufa.

Ni kama mtoto aliyeenda sokoni na mamake siku 100, na kila siku samaki wazuri walikuwa kwenye karai la bluu. Atakuja kununua samaki waliooza, bora tu wawe kwenye karai la bluu.

Kubadilisha karai bila kubadilisha samaki

Sasa fikiria wewe ni muuzaji mjanja na umegundua mtoto huyo anaangalia karai. Utafanya nini? Utahamisha samaki wabovu kwenye karai la bluu. Samaki ni yule yule.

Hivyo ndivyo mashine za kukagua kodi hudanganywa. Ndani ya programu kila kitu hupewa jina na mwandishi: kiasi, salio, mteja. Kompyuta haijali majina hayo. Ukiita "kiasi" ukaliita "jibu", programu itafanya kazi ile ile, hadi senti ya mwisho. Ule ufa wa namba chini ya sifuri utabaki pale pale. Lakini mashine ya kukagua, iliyozoea kuona dalili fulani, inaweza kusoma kodi yenye jina jipya na kusema, "Hapa hakuna shida."

Njia nyingine ni kuongeza mistari isiyofanya kitu. Unaandika hesabu ambayo matokeo yake hayatumiki popote, au sehemu ambayo programu haitaifikia kamwe. Programu haibadiliki, lakini macho ya mashine yanapotea.

Haya si ya kubuni. Mwaka 2020 watafiti wa Technion, chuo cha teknolojia cha Israeli, walionyesha kwamba mashine zinazosoma kodi zinaweza kupotoshwa kwa kubadilisha jina la kitu kimoja tu, au kwa kuongeza jina moja lisilotumika. Mwaka 2022 watafiti wa Singapore Management University wakaenda mbele zaidi. Walichagua majina mapya ambayo hata binadamu akiyasoma hataona ajabu, yaani si majina ya ovyo ovyo. Kwenye kazi ya kutambua nyufa, CodeBERT ilidanganyika kwa zaidi ya nusu ya mifano waliyoishambulia, mifano ambayo kabla ya hapo ilikuwa inaijibu sawasawa.

Soma tena hapo. Kodi haikuboreshwa. Ufa haukuzibwa. Majina tu yamebadilishwa, na zaidi ya nusu ya majibu sahihi yakageuka kuwa makosa.

Mchezo huu ni wa zamani

Wajanja hawa hawakuanza na kodi. Mwaka 2004 watafiti wa University of Washington, Marekani, walikuwa tayari wanaandika kuhusu watumaji wa barua taka wanaobadilisha maneno ili kupita vichujio. Ukijaza maneno mema ya kutosha ndani ya barua mbaya, kichujio kinailegezea.

Mwaka 2014 watafiti wa Google walichukua picha ya panda, wakaongeza mabadiliko madogo mno ambayo jicho la binadamu haliyaoni. Mashine, ambayo kabla ya hapo iliitambua panda, ikasema kwa uhakika mkubwa kwamba ni giboni, aina ya nyani. Baadaye kikundi kingine Marekani kikabandika vipande vya stika kwenye alama ya barabarani ya "simama", na mashine ikaisoma kuwa ni alama ya kikomo cha mwendo. Dereva yeyote wa matatu wa Kondele angeiona kuwa ni "simama" yenye stika. Kama angesimama, hilo ni jambo lingine.

Ule ujanja wa tochi na kalenda nao una historia. Mwaka 2019 watafiti wa Skylight Cyber, kampuni ya Australia, walionyesha kwamba kikaguzi cha virusi cha Cylance, kilichosifiwa kwa kutumia mashine inayojifunza, kilikuwa kinadanganywa kwa kubandika maneno kutoka mchezo wa kompyuta mwishoni mwa faili mbaya. Virusi vile vile vikaonekana faili salama. Na Google walieleza Januari 2020 kwamba walikuwa wameondoa kwenye Play Store apu kama 1,700 za familia moja ya wizi inayoitwa Joker, ambayo tangu 2017 waandishi wake walikuwa wakibadilisha namna ya kujificha kila zilipokamatwa.

Kwa hivyo yule aliyemtumia kijana wa Obunga linki hakuwa na akili ya ajabu. Alitumia njia ambayo ilishaandikwa hadharani.

Sumu inayoingia mapema

Kuna namna nyingine ambayo ni mbaya zaidi, na watu wa ziwa wataielewa haraka kuliko watu wa Nairobi.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia soko lake, kwa sababu ya hofu kwamba baadhi ya watu walikuwa wanavua kwa kutumia sumu za kuulia wadudu. Wazee mnaosoma hapa mnakumbuka jinsi bei zilivyoanguka. Tatizo la samaki wa sumu ni kwamba jicho lake halijaingia ndani. Shavu lake ni jekundu. Ukibonyeza, kidole hakiachi shimo. Kipimo cha mama hakimkamati, kwa sababu kasoro iliingia mapema, majini, kabla ya mikono ya mnunuzi. Ilibidi vipimo vya maabara viongezwe, na uangalizi uanze ufukweni.

Mashine zinazojifunza zinaweza kulishwa sumu namna hiyo hiyo. Mifano zinazofunzwa nayo hutoka mara nyingi kwenye kodi iliyowekwa wazi mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuweka yake. Mtu mwenye subira anaweza kupanda mifano yenye nyufa iliyobandikwa lebo ya "salama", pamoja na alama fulani ya siri. Mashine ikifunzwa kwa mifano hiyo, siku atakayoleta kodi yenye ufa na ile alama, mashine itampisha.

Na watu wenye subira wapo. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejiita msaidizi wa kujitolea alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani kwenye mradi wa wazi uitwao XZ, kisha akaficha mlango wa nyuma ndani yake. Sehemu ya mtego ilifichwa kwenye faili za majaribio ambazo watu huwa hawazisomi. Hata aliomba kipimo kimoja kizimwe kwenye mfumo wa kupima kodi moja kwa moja, na kikazimwa. Si mashine iliyomkamata. Mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde kuliko kawaida, akakataa kupuuza. Alinusa, kama mama anavyonusa samaki baada ya kuangalia jicho na shavu.

Sisi tunafanya nini

Mama wa Obunga alitaka kujua hili zaidi ya yote, na ana haki. Hapa tunasema tunachofanya na tusichoweza.

Kwanza, hatuna kikaguzi kimoja chenye neno la mwisho. Kodi yetu hupita kwenye kikaguzi cha kanuni na kikaguzi kinachojifunza, halafu inasomwa na mtu ambaye hakuiandika. Ni rahisi kudanganya jicho moja. Kudanganya macho matatu yanayoangalia vitu tofauti ni kazi.

Pili, kabla kodi haijafika kwa mashine tunafuta majina yote na kuweka namba: kitu cha kwanza, kitu cha pili, kitu cha tatu. Mistari isiyofanya kazi tunaiondoa pia. Karai la bluu likiondolewa, mashine inalazimika kuangalia samaki.

Tatu, tunaifundisha mashine kwa mifano iliyopindishwa makusudi. Tunachukua kodi yenye ufa tunaoujua, tunaigeuza majina, tunaijaza takataka, kisha tunaiuliza. Ikikosea, mfano ule unarudi darasani. Mara ya kwanza tulipofanya hivi, ule ufa wa namba chini ya sifuri tuliokueleza ulipita baada ya kubadilisha majina mawili tu. Hatujivunii hilo, lakini tusingejaribu tusingejua.

Nne, tunachunguza mifano yenyewe inatoka wapi kabla ya kufunzia.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo linalofunga mlango kabisa. Mashine iliyofunzwa kukataa ujanja wa leo inaweza kupigwa na ujanja wa kesho. Mtu akikuambia mfumo wake hauwezi kudanganywa kwa sababu una "akili bandia", muulize maswali zaidi. Na kwenye vikao vyetu vya zamani sisi wenyewe tuliongea kana kwamba mashine inatosha. Mama alisikia hivyo, akaamini. Hapo tulikosea, na tumebadilisha maneno.

Na wewe ufanye nini

Alama ya kijani inamaanisha kitu kimoja tu: mashine haikuona dalili inayoijua. Haimaanishi apu ni safi. Kwa hivyo:

- Usiweke apu kutoka linki, hata kama imetumwa na ndugu yako. Ndugu naye alitumiwa. Ingia mwenyewe kwenye duka rasmi la apu la simu yako. Dukani nako angalia jina la mtengenezaji, kwa sababu hata huko wezi hupenya.

- Soma ruhusa kabla ya kubonyeza. Tochi haihitaji kusoma meseji zako. Apu ya mkopo haihitaji ruhusa ya Ufikivu. Apu ikiomba kitu kisichohusiana na kazi yake, itoe.

- PIN yako ina mahali pake pa kuwekwa, yaani kwenye menyu yetu au apu yetu uliyoifungua mwenyewe unapofanya malipo. Hakuna limiti inayoongezwa kwa PIN. Hakuna zawadi inayothibitishwa kwa PIN.

- Mkopeshaji awe na leseni. Tangu kanuni za 2022, wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na orodha ya waliopewa iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Huna bando? Muulize ajenti wako akuangalilie.

- Kubali masasisho ya simu na ya apu. Tunajua yanakula bando. Lakini masasisho mengi ndiyo udongo wa kuziba nyufa tulizozungumzia. Ufa ukishatangazwa, mwizi naye amesoma tangazo.

- Pesa za chama zisikae kwenye simu ya mtu mmoja ambayo pia inachezewa na watoto. Tenganisheni. Kama inawezekana, kutoa pesa kuhitaji watu wawili.

- Ukiona kitu si cha kawaida, usingoje asubuhi. Tupigie kwa nambari rasmi ya huduma, si nambari iliyokupigia. Kama laini yako ni ya Safaricom, meseji ya utapeli unaweza kuituma kwa 333. Kisha washa hali ya ndegeni, na ubadilishe PIN ukitumia simu nyingine au kwa ajenti. Tofauti ya kupoteza Sh 5,000 na kupoteza Sh 9,800 kwa yule mama ilikuwa ni kwamba alipiga simu usiku.

Jambo moja zaidi, kwa vijana. Ninyi ndio mafundi wa nyumba. Mama, dani na mjomba wakileta simu, wanaamini mkono wako. Yule kijana wa Obunga hakuwa na nia mbaya, alitaka kumsaidia mamake apate mzigo. Tulipomuuliza kwa nini hakusita ile apu ilipoomba kusoma meseji, alisema, "Simu ilisema iko sawa. Nikaona kama simu yenyewe imesema, mimi ni nani?"

Wewe ni yule anayejua kwamba mkopo hauhitaji kusoma meseji za mtu. Mashine haikujua hilo.

Tuliporudi

Wiki tatu baadaye tulirudi Obunga na jibu hili, kwa maneno mafupi zaidi. Tulimkuta mama kwenye sufuria yake, moshi umejaa. Chama hakikuvunjika. Wanawake walikubaliana kila mmoja atoe kidogo kufidia zile Sh 5,000, ingawa wawili walinung'unika na bado wananung'unika. Sasa pesa ziko kwenye laini tofauti, kwenye simu ndogo ya vibonyezo ambayo haiwezi kuwekwa apu yoyote, na kutoa kunahitaji yeye na katibu wakae pamoja.

Alisikiliza maelezo yote kuhusu majina na karai la bluu. Mwishoni akauliza, "Kwa hivyo hiyo mashine yenu inaangalia jicho la samaki peke yake?"

Tukamwambia, ndiyo, Mama, kwa kiasi kikubwa.

"Basi mwambieni na yeye aanze kufungua shavu," akasema, akageuza mfupa kwenye mafuta.

Kikao kijacho cha Obunga ni pale pale kando ya njia. Njoo na simu yako, njoo na kijana wako, na kama kuna apu usiyoielewa ilivyoingia, usiifute kwanza. Tuletee tuione pamoja.